Nyumba Kavu

Asubuhi ya siku ya baraza ukungu uliumeza mji wa Tarime, kituo cha polisi kikabaki mlango na taa tu. Inspekta Veneranda Luhaga alitembea ndani ya ukungu huo akitokea Turwa alikopanga chumba, huku akisikia watu asiowaona. Mtu alikuwa anamkemea punda. Mwanamke alicheka, akanyamaza, akacheka tena mahali pengine kabisa. Veneranda hakuwa amelala vizuri tangu Diwani Elia Kisyeri apotee, na kwa mtu mwenye deni la usingizi ukungu ni kitu cha hatari. Ulimfanya ahisi kwamba bado yuko kitandani kwake, na kwamba akiamka diwani atakuwa amepatikana bila yeye kufanya kazi yoyote.

Lakini kazi ilikuwepo. Juzi jioni Elia Kisyeri alitoka kwenye ofisi ya kata ya Nyarokebe kwa miguu, akaagana na mtendaji, na hakufika kwake. Leo hii madiwani walikuwa wanaipigia kura sheria ndogo aliyoipigania tangu achaguliwe. Sheria ilitaka mialo yote ya kuosha na kuchenjua dhahabu iondoke kandokando ya mito na vijito, na mtu asifungue mwalo mpya mpaka mkutano mkuu wa kijiji umemkubalia. Kila aliyejali alikuwa ameshahesabu vichwa. Elia akiwepo, sheria inapita kwa kura moja. Asipokuwepo, kura zinalingana na mwenyekiti wa baraza ndiye anayeamua, naye mwenyekiti alikuwa hataki hata kuisikia.

Mahabusu kulikuwa na mtu mmoja kwa kesi hiyo. Alikuwa Faustine, mhamiaji wa kutoka Kahama, mwenye mwalo mkubwa kuliko yote kwenye kijito cha Nyamosense. Mbele ya mkutano wa kijiji alikuwa amesema kwamba diwani akitaka sana maji safi, atamzamisha humo humo ayanywe. Kesho yake diwani akapotea, na kofia yake ikakutwa mwaloni kwa Faustine. Jana Veneranda na askari wake walishinda wanachota tope kwenye bwawa la Faustine mpaka wakafika chini. Walipata ndoo mbovu na kandambili ya kushoto.

Alimkuta Faustine amesimama kwenye nondo za mlango, amejifunika blanketi kichwani.

"Umeamkaje, Faustine?"

"Kuamka nimeamka, afande. Kulala ndiyo sikulala."

"Ulisema utamzamisha."

"Nilisema, sikatai. Mdomo wangu hauna breki, hata mke wangu aliniacha kwa sababu hiyo." Alivuta blanketi. "Lakini wewe si mtu wa Geita? Unatujua sisi. Tunaifuata dhahabu. Wakinifungia mwalo hapa, kesho karasha langu la kusagia mawe liko juu ya Fuso na mimi nimekaa juu yake, tunaelekea Chunya. Nimuue mtu kwa ajili ya kijito ambacho hata sijui kinaanzia wapi? Nenda kamuulize asiyeweza kuhama."

Veneranda aliondoka na neno hilo. Alirudi ofisini, akaichukua ile kofia mezani. Ilikuwa pama ya kahawia, imezeeka vizuri, na alama ya jasho ilionekana kwa ndani. Sajini Erasto, kijana wa Nyamongo ambaye ndiye aliyeikuta, alikuwa anakunywa chai mlangoni.

"Erasto, hii kofia ilikuwa wapi hasa?"

"Mwaloni, afande. Nimeshaandika."

"Mwaloni wapi?"

"Kwenye mti unaoshikilia turubai. Ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, kwa juu hivi." Alionyesha usawa wa paji la uso wake.

Veneranda aliigeuza kofia, akapitisha kidole ukingoni mwake. Kidole kilitoka kisafi. Pale mwaloni hakuna kitu kisicho na tope. Mbwa wa pale ana tope, hata sahani za mama ntilie zina tope. Mtu anayetaka polisi waamini kwamba diwani amezamishwa angeitupa kofia ukingoni mwa bwawa na kuikanyaga kidogo. Huyu alitembea mpaka kwenye adui wa diwani, akatafuta msumari, akaitundika.

"Alitaka tuione," Veneranda alisema polepole, "lakini mkono ulikataa kuitupa chini. Huku kwenu ni nani anayeshindwa kuitupa kofia ya mzee kwenye tope?"

"Mwanawe," Erasto alijibu, kisha akaangalia chai yake kana kwamba ndiyo iliyosema.

Elia alikuwa na watoto wengi, ila mwenye mwalo alikuwa mmoja. Nelson, mzaliwa wa kwanza, alikuwa amechimba mabwawa mawili katika shamba alilogawiwa na baba yake, pale pale kijito kinapopinda. Alikuwa amejenga hapo, ameoa hapo, na ardhi ya aina hiyo haipandi kwenye Fuso.

"Kwa Nelson tulipekua jana, afande," Erasto alisema. "Mji wake wote. Shahidi alikuwa mwenyekiti wa kitongoji."

"Twende tukapekue tena."

Waliondoka na Land Cruiser, na ukungu ukaondoka nao. Kufika Kemambo ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya mihogo, na juu yake vilielea vichwa vya watu wanaokwenda shamba, bila miili, wakipunga mikono kwa gari. Mahali fulani upande wa bondeni makarasha yalikuwa yanasaga mawe, na sauti yake ilifika kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Veneranda alijifinya mkono mara mbili ili asisinzie. Ng'ambo ya Mto Mara, upande wa wilaya ya Serengeti, jua lilikuwa limeshatoka. Huku kwao mvua ilianza.

Haikuanza kwa utani. Walipokata kona kuingia Nyarokebe ilikuwa inapiga bati za nyumba ya Nelson mpaka nyumba yenyewe ikaonekana inatetemeka. Ilikuwa nyumba nzuri, ya matofali ya kuchoma, yenye baraza pana na madirisha ya chuma. Nelson alikuwa ameketi barazani kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya mguu, gambuti zake zimekauka. Nyuma yake, ndani, redio ilikuwa inaimba kwa sauti kubwa.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Mokami, alikuwa ameshapigiwa simu na amefika. Alisimama katikati ya uwanja chini ya mwavuli uliovunjika kijiti kimoja, na maji yalimchuruzika bega la kulia. Huyu alikuwa mdogo wake Elia, tumbo moja.

"Shikamoo, mzee," Veneranda alisema.

"Marahaba, mama."

"Mbona umesimama kwenye mvua? Twende barazani."

"Hapa panatosha."

"Unalowa."

"Nimelowa tangu zamani. Mvua ya leo haiongezi kitu."

Alijibu haraka mno, na hakuitazama nyumba. Veneranda alihisi damu yake ikiamka. Ndugu wa mtu aliyepotea, shahidi wa upekuzi wa kwanza, na hataki kuisogelea nyumba? Nelson barazani alitabasamu kidogo, kisha akasimama kwa adabu.

"Afande, nasikia mmekuja kupekua. Mimi sina kizuizi. Sheria inasema lazima shahidi aingie pamoja nanyi, aone kwa macho yake, si ndivyo?" Aligeuka kumtazama mzee. "Baba mdogo, shahidi ni wewe. Karibu ndani."

Mzee Mokami hakusogea. Erasto aliinamisha kichwa na kuanza kuchunguza buti zake. 

"Mzee," Veneranda alisema, "ingia."

"Siwezi."

"Unaficha nini?"

"Sifichi kitu, mama." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kueleza jambo ambalo kila mtu analijua. "Hii ni nyumba ya mwanangu. Ameoa humo, analala humo na mke wake. Mwana wa kaka yangu ni mwanangu. Baba haingii kwenye nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata niwe nakufa kwa baridi, nitafia hapa uwanjani na watasema nimekufa vizuri."

"Kwa hiyo jana mlipopekua…"

"Tulipekua mji wote," Erasto alisema chini chini. "Jikoni, ghala, zizi, shimo la choo. Ndani, afande… Diwani, baba mtu, angeingiaje humo? Hata wazo halikuja. Hakuna mtu wa huku ambaye lingemjia."

Hilo lilikuwa kosa la watu wenye adabu, na Veneranda alishindwa hata kumkasirikia sajini wake. Alimtazama Nelson. Kijana alikuwa amekaa tena, mguu juu ya mguu. Aliijua mila na aliijua sheria ya upekuzi, akazigonganisha, akakaa kwenye nafasi iliyobaki katikati yake. Kutafuta shahidi mwingine, mtu asiye wa ukoo wao, kungekula asubuhi yote, na saa hiyo madiwani walikuwa wameanza kuingia ukumbini. Akivunja utaratibu, mahakama ingemcheka yeye na kumpa Nelson pole.

Alihitaji kufikiri, na kwenye mvua ile hakuna aliyeweza. Alikimbilia jikoni.

Jiko lilikuwa kibanda cha udongo na nyasi, mkono wa kushoto wa uwanja, na lilikuwa linavuja kila upande. Mke wa Nelson, Scholastica, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na moto uliokuwa unatoa moshi tu. Alikuwa na mtoto mdogo kifuani. Kanga yake ililowa mpaka magotini. Kwenye kona, mahali pasipovuja sana, palikuwa na viroba vilivyotandikwa, blanketi, na sufuria iliyogeuzwa kuzuia blanketi lisiguse maji.

"Pole, mama," Veneranda alisema.

"Asante, afande. Karibu moto, japo si moto."

Mtoto alikohoa, kikohozi kidogo kikavu. Veneranda alichuchumaa.

"Anakohoa tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Na nyumba yenu ile pale ni kavu. Mbona humwingizi ndani?"

Scholastica alisogeza kanga juu ya kichwa cha mtoto. "Siwezi kuingia."

"Mmegombana na mume wako?"

"Hatujagombana."

"Amekufukuza? Amekupiga?"

"Hapana."

"Sasa nani amekukataza kuingia nyumbani kwako?"

"Hakuna aliyenikataza, afande." Alisema hivyo akiutazama moto, kisha akainua macho, akamtazama Veneranda moja kwa moja kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Barazani, Nelson alikuwa amesimama tena na anaangalia upande wao. "Hakuna aliyenikataza," alirudia.

Veneranda alibaki amechuchumaa. Kwa muda kila kitu kilikwenda mbali: mvua, redio, kikohozi cha mtoto. Kupitia mlango wa jiko aliona uwanja wote kwa pamoja, kama mtu anavyouona akiwa katikati ya usingizi na kuamka. Mzee amesimama nje ya nyumba kavu, analowa. Mwanamke amekaa nje ya nyumba hiyo hiyo, analowa. Wa kwanza ana sababu yake, na ameshaisema. Wa pili nyumba ni yake. Hakugombana, hakufukuzwa, hakukatazwa na mtu.

Alitoka akavuka uwanja bila kukimbia.

"Mzee Mokami, nisaidie. Wewe huwezi kuingia kwa mwanao. Na mke wa mwanao naye ana miiko juu yako?"

"Sana. Hatukai chumba kimoja. Hanipi mkono. Nikipita njia moja naye, yeye anaingia kwenye majani mpaka nipite."

"Na kama wewe ungekuwa ndani ya nyumba yake? Tuseme umeugua, umebebwa, umewekwa humo bila kupenda."

"Mimi ndani ya…" Mzee alikunja uso kwa kinyaa. "Basi yeye asingekanyaga humo. Angelala hata na ng'ombe."

Alipomaliza kusema hivyo, mwavuli ulimtoka mkononi. Ulivingirika uwanjani, na hakuna aliyeufuata.

Veneranda alipanda barazani. Nelson alikuwa bado amesimama, mgongo kwenye mlango.

"Shahidi," alisema. "Bila shahidi huwezi."

"Kupekua siwezi. Lakini ndani humo kuna mtu hatarini, na kumtoa mtu hatarini hakuhitaji shahidi. Ufunguo, Nelson."

Alidhani kijana atakimbia. Erasto naye alidhani hivyo, akajiweka tayari. Nelson aliingiza mkono mfukoni taratibu, akatoa ufunguo wenye kamba nyekundu, akampa kwa mikono miwili kama mtoto aliyefundishwa vizuri. Halafu akakaa na kufunika uso.

"Nilikuwa nampa uji," alisema. "Kila mara nilimpa uji."

Erasto alibaki naye. Veneranda alizima redio sebuleni, akafungua kufuli jipya la chumba cha ndani.

Elia Kisyeri alikuwa amelala ubavu kwenye kitanda cha futi sita, mikono imefungwa mbele kwa kipande cha kitenge. Hakuwa na jeraha. Bakuli la uji lilikuwa sakafuni. Aliposikia mlango aligeuza uso ukutani.

"Usiwashe taa," alisema.

Alimfungua bila kuiwasha. Yule mzee aliteremka haraka, akaketi sakafuni mbali na kitanda, akijisugua viganja. Alieleza kwa ufupi. Nelson alikutana naye njiani akampa togwa. Aliinywa kama mtu anavyopokea kinywaji kwa mwanawe. Alipozinduka alikuwa hapa. Vijana waliombeba, Nelson mwenyewe alimwambia, ni wa mwaloni, wageni wasioijua mila.

"Mheshimiwa, dirisha hilo liko wazi kwa juu. Barabara iko hapo. Kwa nini hukupiga kelele?"

Elia alikitazama kitanda. "Ningepiga kelele ili watu waje wanione wapi?"

Veneranda aliviringisha kile kipande cha kitenge mkononi.

"Wewe si wa huku, mama. Hiki ni kitanda cha mwanangu na mkewe. Mtu akijua nimelala hapa, nani ataketi nami? Hata huyo mbuzi wa kunitakasa, watamla huku wamefumba macho. Nelson alijua. Kitambaa hiki ningekikata kwa meno. Angeuacha mlango wazi, nisingetoka mchana." Alishusha pumzi. "Utaandika kwamba uliniokota barabarani. Nitakwenda kupiga kura yangu, na mengine yaishe."

"Nikiandika barabarani, Faustine anabaki mahabusu. Kofia yako ilikutwa kwake."

"Faustine alitaka kunizamisha."

"Alisema. Hakufanya."

"Na ukiandika kweli, mwanangu anafungwa."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Mvua ilikuwa imepungua kidogo, na kwa sababu hiyo wote wawili walisikia nyayo zikisimama chini ya dirisha. Veneranda alichungulia. Scholastica alikuwa amesimama nje, ameligeuzia dirisha mgongo, mtoto akiwa ndani ya kanga.

"Tata," alisema, akimwita baba kwa lugha ya kwao, macho yakiwa uwanjani. "Ni mimi, mke wa Nelson. Tangu walipokuleta sijaingia humo. Nimelala jikoni. Hatujawa chini ya paa moja, mimi na wewe, hata mara moja. Naapa kwa huyu mtoto, na baba mdogo amesimama hapa ananisikia."

Ndani, Elia alifumba macho.

"Kwenye mvua hii yote?"

"Yote, tata." Kisha akasema jambo ambalo pengine alikuwa amelibeba muda mrefu kuliko mtoto. "Uji wa huyu naupika kwa maji ya Nyamosense. Sina mengine."

Nyayo ziliondoka. Elia alilia bila sauti, na Veneranda, ambaye kazi yake ilimzoesha machozi ya kila namna, alitoka sebuleni ili asiyaone hayo.

Walifika kwenye ukumbi wa halmashauri wakati sala imeshaombwa na kumbukumbu za kikao kilichopita zimeshathibitishwa. Watu wasiopata nafasi walijaa nje chini ya vipaza sauti. Elia alikuwa amevaa koti la Erasto, fupi mikononi, na kofia yake kichwani, ile Veneranda aliyoibeba garini. Nelson alibaki ndani ya Land Cruiser na askari mmoja, dirisha likiwa limeteremshwa nusu. Akitaka au asitake, kila neno la ukumbini lilikuwa linamfikia.

Veneranda alisimama nyuma, karibu na mlango. Aliona madiwani wakigeuka mmoja baada ya mwingine. Wengine walitabasamu, wengine walipiga hesabu upya na uso ukawaonyesha.

Mwenyekiti alivua miwani. "Mheshimiwa Kisyeri, karibu. Baraza lilikuwa linakuombea. Lakini kabla hatujaendelea, huko nje yapo maneno. Wapo wanaosema ulikuwa umefichwa. Wapo wanaosema ulikuwa Sirari unastarehe kwa gharama za wenye mialo, na leo umekuja kupandisha bei. Baraza lina haki ya kujua kura inayopigwa humu inatoka wapi. Ulikuwa wapi?"

Lilikuwa swali la ujanja. Mwenyekiti hakujua jibu. Alijua tu kwamba mtu aliyepotea siku mbili huwa ana jambo asilotaka kulisema. Elia alisimama. Alivua kofia, akaishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili.

"Nilikuwa ndani ya nyumba ya mwanangu," alisema. "Nilikuwa nimelazwa kwenye kitanda chake. Mwenyewe ndiye aliyeniweka humo, ili leo nisifike hapa."

 Zilisikika tu feni na watoto wa nje. Kisha diwani mzee aliyekuwa kushoto kwa Elia alikusanya karatasi zake, akainuka, akahamia benchi la nyuma. Wa kulia akafuata. Aliyekuwa mbele yake alisogeza kiti. Hawakufanya kwa chuki; mmoja wao hata aligusa kifua kuomba radhi. Walikuwa watu waliolelewa hivyo, nao wangekwenda kwenye kutakaswa kwake kwa moyo mweupe siku itakapopangwa. Lakini siku hiyo ilikuwa bado.

Wageni wachache wa baraza, walimu na wataalamu kutoka mikoa mingine, walitazamana bila kuelewa ni kitu gani kimetokea. Veneranda aliwahurumia. Jana angekuwa mmoja wao.

"Wanaoiunga mkono sheria ndogo," mwenyekiti alisema, na sauti yake haikuwa na ujanja tena, "wanyooshe mikono."

Mikono ilipanda. Kwenye safu ya tatu palikuwa na viti vitupu kushoto na kulia, na katikati yake mkono mmoja uliolipita koti fupi, ambao haukushuka. Katibu alihesabu, akarudia kuhesabu kwa kuwa mwenyekiti alimwambia arudie. Ilipita kwa kura moja.

Nje watu walipiga vigelegele. Elia alitoka kwa mlango wa pembeni, na pale pembeni Veneranda alimngoja. Hakuna aliyempa mkono, kwa hiyo yeye alimpa wake, na mzee aliushika kwa muda.

"Kwangu siwezi kwenda leo," Elia alisema. "Mpaka wazee wakae."

"Kituoni kuna benchi na kuna chai. Na kuna maelezo ya kuandika."

Faustine alikuwa anafunga kamba za viatu mapokezi walipoingia. Alimtazama diwani, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza labda katika maisha yake akaufunga bila kusema kitu. Alimwinamia mzee kidogo, akatoka.

Veneranda alimkalisha Elia chumba cha nyuma, mbali na kile alichowekwa Nelson, akachukua kalamu. Alihisi usingizi wa siku zote zile ukimjia kwa pamoja, mzito, na mkono wake ukaandika wenyewe mambo ya kawaida: jina, umri, kabila, dini, makazi, kazi. Elia alijibu yote kwa sauti ile ile.

"Jina la mtuhumiwa?"

"Nelson Elia."

"Uhusiano wako na mtuhumiwa?"

Kalamu ilingoja. Nje mvua ilikuwa imekwisha, na maji yaliyobaki yalikuwa yanadondoka kutoka ukingo wa bati.

"Ni mwanangu," alisema. "Andika wa kwanza." Alifuta uso kwa mkono wa koti lisilo lake. "Jina hilo la Elia, mama, ni la kwenye karatasi za kura tu. Kijijini hakuna anayeniita hivyo. Mimi naitwa Baba Nelson."